Kola ya Mwezi wa Mfungo

Mke wangu Twaiba anatengeneza kola. Nimeanza na hilo kwa sababu watu wa Msambweni wakinikuta njiani huniuliza habari za afya, habari za watoto, hata habari za ng'ombe ambaye si wangu, wakaacha kuuliza jambo la maana. Sasa nimelisema mwenyewe. Anatengeneza kola, ile soda nyeusi yenye povu, katika banda la mabati nyuma ya nyumba yetu, na ukiinywa ikiwa baridi utanyamaza kwanza ndipo useme.

Mimi naitwa Nassir. Watu husema nina mdomo, na sikatai. Miaka mingi niliendesha lori la soda kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga, nikishusha kreti za watu katika kila duka lenye friji na hata yale yasiyokuwa nayo. Mtu aliyebeba soda za wenziwe ujana wake wote, siku mkewe akitengeneza yake, mnataka anyamaze? Basi mtangoja sana.

Mdomo huo ndio uliotuingiza katika kisa hiki, na mpaka leo siujutii. Katika mwezi wa Rajabu walikuja watu kumposa binti yetu Subira. Baba wa kijana ni Sheikh Abdulwahab, mwenye duka kubwa la jumla pale Ukunda, mtu ambaye ghala lake limejaa soda kutoka sakafuni mpaka darini. Tukaelewana vizuri. Nikaha ikapangwa siku ya pili ya Idd, baada ya adhuhuri, hapa hapa kwetu. Tulipokuwa tunamalizia kahawa, akasema kwa upole wa mtu mwenye mali:

"Sheikh Nassir, habari ya vinywaji usijisumbue. Nitaleta kreti za kola kutoka ghalani kwangu, wageni wote watosheke."

"Ahsante, Mungu akuzidishie," nikamjibu. "Lakini siku hiyo kwangu haitanywewa kola ya dukani. Mtakunywa ya mama yake Subira."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake anatengeneza petroli jikoni. "Kola ya nyumbani? Haya, inshallah tutaionja. Na mimi kola naijua, Sheikh, ndiyo inayonilisha."

Wageni walipokwenda zao, Twaiba akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia kila neno.

"Baba Subira, mimi nawapikia watoto wa shule na vijana wa mpira. Wewe umeahidi kola yangu kwa harusi nzima, mbele ya mwenye ghala la soda."

"Huwezi?"

"Sikusema siwezi. Nimesema umeahidi bila kuniuliza."

Kisha akaniuliza wageni watakuwa wangapi, nikajua amekubali.

Nieleze hii kola ilivyoanza, maana kuna watu wanaodhani inachimbwa kisimani ikiwa nyeusi vile vile. Nilipokuwa nikiendesha lori nilikuwa nikimsimulia Twaiba mambo niliyoyasikia kiwandani. Kwamba zaidi ya karne moja iliyopita huko Marekani, mfamasia mmoja alipika shira uani kwake, akikoroga kwa mkono, akitafuta dawa ya kichwa na uchovu. Shira ile ikachanganywa na maji ya gesi, ikauzwa kwa gilasi katika duka la dawa. Na jina la kola limetokana na mti wa Afrika Magharibi, ambako wazee huitafuna mbegu yake wakiwa katika mazungumzo. Twaiba alikuwa akikaanga kaimati aliposikia hilo. Akaacha mwiko.

"Yaani jina ni la kwetu Afrika?"

"La Afrika."

"Na ndani mnatia nini?"

Nikamwambia siri yenyewe wameifungia, hakuna aipataye, ila watu husema mna sukari iliyounguzwa ikapata weusi, mna ndimu, ganda la chungwa, mdalasini, kungumanga, giligilani, vanila. Twaiba akaenda kwenye rafu yake, akafungua makopo moja moja, akayafunika. Vyote alikuwa navyo. "Sasa siri iko wapi?" akaniuliza. "Hili ni jiko la mwanamke yeyote wa pwani."

Siri ilikuwepo, na ilimtesa. Sukari ukiitoa motoni mapema inakuwa ya rangi ya chai. Ukichelewa kidogo tu inakuwa chungu kama dawa ya malaria. Mafuta ya ganda la chungwa yanakataa kukaa ndani ya maji, yanaelea juu. Maji nayo lazima yawe baridi ya kuuma meno, la sivyo gesi haishiki. Tulinunua mashine ya gesi iliyokuwa imetumika katika hoteli moja ya Diani, ikatulipukia mara ya kwanza tu, na dari ya banda ikapata rangi ambayo haijatoka hadi leo. Nilimwambia aache. Ndiyo, mimi huyu. Akaenda kumtafuta Kanze.

Kanze ni mwanamke wa upande wa Kinango, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika barabarani. Alikuwa akipika sukari guru kwao kabla ya kuja kuishi Msambweni, na hakuna anayeijua sukari iliyo motoni kama yeye. Anaisimamia kwa pua. Harufu ikigeuka tu anasema "toa!" na ukitoa wakati huo weusi unakuwa ule ule kila siku. Twaiba akachukua viungo na ndimu. Wakawa wanaonja pamoja: Twaiba anatangulia, Kanze anafuata, wanatazamana. Wakikubaliana, inatiwa chupani. Mmoja akikunja uso, hairuhusiwi kutoka. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa banda lile, nao haukuandikwa popote wala haukuvunjwa ila Ramadhani.

Basi ikaja Ramadhani. Katika miaka ya kwanza mwezi mtukufu ulipoingia, Twaiba akifunga, Kanze alikuwa akionja peke yake, maana yeye ni Mkristo, na kazi ikawa inakwenda kidogo kidogo bila shida. Mwaka huu nikawa nimetulia nikijua mambo yatakuwa vile vile. Siku tuliyokuwa tunatafuta mwezi, Kanze akaingia uani akiwa na alama ya majivu katika paji la uso.

"Kanze, umefanya nini usoni?" nikamuuliza.

"Leo ni Jumatano ya Majivu, Baba Subira. Kwaresima imeingia. Na mwaka huu nimeweka nadhiri: soda na sukari sivitii mdomoni mpaka Pasaka."

Nilikaa chini. Siku zote za mwaka mwanamke huyu hajinyimi kitu, aje achague soda, aichague mwaka huu! Nikamwambia mbona hakuacha nyama, au hata kusengenya? Akacheka kicheko chake kile. "Nadhiri ya kitu usichokipenda ni nadhiri gani, Baba Subira?" Twaiba akanikazia macho, akamwambia mwenzake, "Mungu aikubali, Kanze. Wewe shika ya kwako, nami nishike ya kwangu." Mimi nikawa nahesabu kichwani nani mwingine anaweza kuonja. Mama yangu mzazi hafungi kwa sababu ya uzee, lakini ana ugonjwa wa sukari. Nyumba nzima hapakuwa na ulimi ulio huru.

Kumi la mwisho la mfungo wakapika shira ya harusi. Sufuria ilikuwa kubwa, tuliyoiazima kwa wapishi wa pilau, na sufuria kubwa haifuati hesabu za sufuria ndogo: ukizidisha sukari na ndimu sawasawa bado ladha haiji sawasawa. Hapo ndipo ulimi unapohitajika. Twaiba akasema hataki hata kuonja na kutema mchana wa mfungo, ataonja magharibi. Adhana ikalia, tukafungua kwa tende, akamimina gilasi mbili zenye barafu. Ndugu zangu, nilikunywa nikafumba macho. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Twaiba naye akasema, "Alhamdulillahi, imekubali." Tukatia gesi, tukajaza chupa, tukafunga vifuniko, mimi nikipiga mluzi.

Jioni iliyofuata adhana ikalia tena. Twaiba akanywa maji, maji matupu ya mtungini, akasita na kikombe mkononi.

"Baba Subira, onja haya maji."

"Yana nini?"

"Onja."

Nikaonja. Yalikuwa matamu ajabu, kama yametiwa kitu.

"Umeona?" akasema, sauti imemshuka. "Jana tuliionja kola kwa ulimi wa mtu mwenye kiu ya kutwa. Ulimi huo ungepewa maji ya mfereji ungesema ni shira. Sisi hatujui tumetia nini katika chupa zile."

Nikamwambia aonje baada ya taraweh. Akaonja, akasema ulimi umejaa viazi karai na mahamri, hauna habari nyingine. Nikamwambia aonje wakati wa daku. Akaonja, akasema ulimi bado umelala. Nilianza kupandwa na hasira, maana harusi ilikuwa inakaribia na mke wangu anabishana na kinywa chake. Asubuhi yake nikaenda moja kwa moja bandani.

"Kanze, tia kidogo tu mdomoni, uteme. Mungu hatakupiga."

Kanze akamtazama Twaiba. "Mama Subira, kama ni kwa ajili ya harusi ya mtoto, nitaonja. Nitakwenda kutubu."

"Hutaonja," Twaiba akasema.

"Lakini Mama Subira..."

"Nimesema hutaonja. Mimi nilinde mfungo wangu kwa kuuvunja wako? Hiyo kola nitamnywesha nani, na kwa uso gani?" Kisha akanigeukia mimi, na macho yale nayajua tangu tuoane. "Na wewe, mwenye ahadi zako, toka bandani kwangu."

Nikatoka. Nilikasirika, sifichi. Nilikaa barazani nikajisemea kwamba mwanamke huyu atatuaibisha mbele ya Abdulwahab kwa ajili ya nadhiri ya mtu mwingine, tena ya dini nyingine. Lakini kadiri nilivyozidi kukaa pale ndivyo hasira ilivyonitoka, ikaja kitu kingine. Nilikuwa nimeoa mtu. Wallahi, nilikuwa nimeoa mtu hasa.

Mwezi ukaonekana, takbira zikasikika misikitini, na asubuhi ya Idd, kabla sijavaa kanzu kwenda kuswali, Twaiba akakaa kwenye kigoda jikoni. Hakuwa na kiu wala njaa wala usingizi. Akasukutua, akafungua chupa moja, akamimina, akanywa funda moja. Akaitazama gilasi.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hii si kola. Hii ni sukari iliyovaa nguo nyeusi."

Nikaipokea nikanywa. Kweli ilikuwa nzito, tamu ya kukera, ndimu haimo, viungo vimezama kabisa. Hii ndiyo niliyoifumbia macho! Twaiba akasimama, akachukua simu yangu juu ya meza, akaniwekea mkononi.

"Mpigie Sheikh Abdulwahab. Mwambie alete kreti zake. Sitakulaumu, na hutanisikia nikilitaja tena."

Niliishika ile simu. Jina lake lilikuwa pale juu, maana usiku ule alikuwa amenitumia salamu za Idd. Kidole kilikuwa karibu kabisa. Kisha nikamtazama mke wangu, ambaye alikuwa ameshafunga leso kiunoni bila kungoja nitasema nini, na nikaona haya hata ya kuwaza. Nikaizima simu, nikaitia mfukoni.

"Ndimu ziko wapi?" nikamuuliza.

Kanze tulikuwa tumempa ruhusa siku hiyo, lakini niliporudi kutoka kuswali nilimkuta bandani, jasho linamtiririka. Walikuwa wanafungua chupa na kuzimwaga. Shira nzima, kazi ya siku nyingi, ilikuwa inakwenda kwenye shimo la takataka, na nyuki walikuwa wamekwisha kupata habari. Kanze akaweka sukari motoni upya. Majirani wakaja kutupa mkono wa Idd wakiwa wamevaa vizuri, wananukia udi. Twaiba akawapokea kwa heshima zote, "Idd mubarak, karibuni," kisha kila mmoja akampa kisu na ndimu. Watu walikamua ndimu kwa nguo za sikukuu. Mimi na kanzu yangu nyeupe niliparuza maganda ya machungwa mpaka vidole vikawaka moto. Mjini watoto walikuwa wanakula peremende na kupiga picha, sisi tulikuwa kiwandani.

"Toa!" Kanze akasema, pua juu, na sufuria ikatolewa.

Twaiba alionja kwa kijiko kidogo, akaongeza ndimu, akangoja, akasukutua, akaonja tena. Akaongeza kungumanga kidogo ya kushikwa kwa vidole viwili. Akaonja. Safari hii hakusema alhamdulillahi wala hakufumba macho. Alikipeleka kijiko karibu na Kanze, si mdomoni, puani. Kanze akanusa kwa muda, akatikisa kichwa kukubali. Tukajaza chupa mpaka jua likachwea.

Kesho yake baada ya adhuhuri wageni wakafika. Turubai limejaa, kadhi yupo, waume wamekaa mikekani, wake wako ndani na vigelegele vyao. Sheikh Abdulwahab akaja na pikapu nyuma yake, imefunikwa turubai, na chini ya turubai nikaona pembe za kreti. Mimi nimebeba kreti nusu ya maisha yangu, huwezi kunificha kreti.

"Ni za akiba tu, Sheikh," akaniambia taratibu. "Tusije tukaaibika sote."

Damu ilinipanda. Lakini binti yangu alikuwa anaolewa, nikameza mate, nikamkaribisha. Nikaha ikafungwa, dua ikasomwa, halwa ikazungushwa. Ndipo Kanze na wenzake wakatoka na masinia yenye chupa, zinatoka jasho kwa baridi. Kelele zikapungua. Abdulwahab akashika chupa, akaitazama kwenye mwanga kama afanyavyo mfanyabiashara, akanusa, akanywa. Akaiweka chini. Akaichukua tena, akanywa nusu.

Akamwita mwanawe mmoja akamnong'oneza. Kijana akatoka nje, nikasikia ile pikapu inawashwa, inaondoka na mzigo wake. Mimi, Nassir, nilinyamaza, na waliokuwapo ni mashahidi.

Abdulwahab akamaliza chupa, akainua sauti ili isikike ndani kwa wanawake. "Mama Subira! Mimi nimeuza kola tangu nilipokuwa kijana, na leo ndipo nimekunywa kola. Hii nitaiweka dukani kwangu Ukunda, mstari wa mbele, macho ya mtu yanapoanzia. Kesho nitume gari nichukue?"

Turubai zima likageuka kulitazama pazia la mlangoni. Mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kusema ndiyo mara mia. Sauti ya Twaiba ikatoka, haina haraka.

"Ahsante, Sheikh Abdulwahab, umetuheshimu. Lakini kola hii imeonjwa na mtu mmoja tu. Haijapata kuuzwa kabla Kanze hajaionja, wala haitauzwa leo."

"Kanze ni nani?"

Kanze alikuwa amesimama mbele yake, na sinia mikononi.

"Ni mimi, mzee."

"Basi chukua chupa hapo, mwanangu, onja tumalize."

"Nimefunga, mzee."

"Umefunga! Idd ilikuwa jana!"

"Ya kwenu ilikuwa jana, mzee. Ya kwangu bado. Mimi ni mpaka Pasaka."

Hapakuwa na aliyecheka. Abdulwahab alimtazama yule mwanamke na sinia lake, aliyepika kola ya watu wote wale na hakuwa ameitia hata tone mdomoni. Akalitazama pazia. Huyu ni mtu ambaye wenye maduka hungoja mlangoni kwake tangu alfajiri, na sidhani kama kuna aliyepata kumwambia yeye angoje. Nilikuwa nimejaa fahari, na kama si heshima ya kadhi ningelia pale pale kama mtoto.

Abdulwahab akajiinamia, akaipangusa midomo kwa kitambaa, kisha akanigeukia.

"Sheikh Nassir," akaniuliza, "Pasaka ni lini?"

Sikujua. Ilibidi tumuulize Kanze.